Mzigo wa Moyo na Mahali pa Kuutua

Wanafunzi wenzangu, wahenga walisema kwamba uzito wa mzigo aujuaye ni mchukuzi. Mzigo wa moyo wapita gunia la mahindi, kwa kuwa hauonekani, na mwenye nao hapati wa kumtua.

Mwisho wa mwaka 2009 mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Maji yalibomoa nyumba, yakaharibu reli, na maelfu ya watu wakahamia katika mahema. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba mchana hakulia mbele ya watu, lakini usiku hakupata usingizi. Siku moja kanisani alimweleza Mungu yote, hata hasira yake. Hema halikugeuka nyumba; ila usiku ule alilala, na kulipokucha akaenda kutafuta mbegu.

Wengine hudai kwamba kuamini ni kukaa bure na kungoja miujiza. Mimi sikubali. Hapa Mikumi twaona madereva wa malori wakisimama usiku kupumzika. Shehena haipungui, lakini asubuhi waweza kuupanda mlima Kitonga bila kusinzia. Pumziko ambalo Bwana Yesu awaitia waliolemewa, katika Mathayo sura ya 11, ndivyo lilivyo.

Najua wenzetu Waislamu wana njia yao ya kumwelekea Mungu. Mimi nasema niliyoyaona kwetu. Basi, ewe uliyefiwa au uogopaye mtihani, usijifungie na huzuni. Omba, kisha umwambie mwalimu au rafiki, maana Mungu hutua mizigo mingi kwa mikono ya watu.