Hakuna Saa ya Dhahabu ya Kubetia Bitcoin

Haya jamani, leo sina somo la kuandika programu. Nina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hawa jamaa wanaouza majedwali ya "saa za dhahabu" za kubetia bei ya Bitcoin. Zaidi ya hao, ni na waundaji programu wenzangu wanaowapikia majedwali hayo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni rahisi sana. Unaweka dau kwamba bei itapanda au itashuka ndani ya kipindi fulani: dakika 5, dakika 15, saa nzima. Muda ukiisha, bei inalinganishwa na ile ya mwanzo. Ukipatia unalipwa, ukikosa dau limekwenda. Sasa muuza jedwali anakuja kukwambia kwamba Jumanne saa nne usiku ubeti kupanda, Ijumaa saa tatu asubuhi ubeti kushuka. Amepima data ya miaka miwili, anasema, na saa hii imepatia mara 62 kwa 100! Unalipia jedwali kwa simu, unaingia mchezoni na karo ya muhula.

Tufanye hesabu basi, maana hesabu haina undugu na mtu.

Wiki ina saa 168. Chukua shilingi ishirini mpya, ile yenye ndovu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Kwa kila saa ya wiki irushe mara 100, kana kwamba umeifuatilia saa hiyo kwa wiki 100, yaani karibu miaka miwili. Ndovu ni bei kupanda, nembo ni bei kushuka. Uwezekano wa saa moja kupata ndovu mara 60 au zaidi ni kama asilimia 2.8. Ni mdogo, sivyo? Lakini uzidishe kwa saa 168. Utatarajia kama saa tano "za dhahabu"! Kwa hesabu hiyo hiyo utapata kama saa nyingine tano ambapo nembo imetawala, na hizo utaambiwa ubeti kushuka. Jedwali la saa kumi limekamilika, asilimia zake zinapendeza, na hakuna bei ya Bitcoin hata moja iliyotazamwa. Ni shilingi ishirini tu.

Simwiti muuzaji mwongo. Data yake inaweza kuwa ya kweli kabisa. Shida ni kwamba amechungulia mahali 168, halafu amekuonyesha pale palipong'aa tu. Akijaribu na vipindi vya dakika 5, 15 na 30, anajiongezea mahali pa kuokota.

"Lakini soko lina saa zake!" Kweli, sikatai. Biashara ya Bitcoin hailali, ila huchangamka soko la hisa la New York linapofunguliwa, ambapo hapa kwetu ni saa kumi na nusu jioni au saa kumi na moja na nusu, kutegemea majira yao. Takwimu za mfumuko wa bei za Marekani hutolewa saa moja kabla ya hapo, na siku hiyo bei huruka. Lakini huruka kwenda wapi? Jedwali linaweza kukwambia kwa haki kwamba saa fulani ina mawimbi makubwa. Haliwezi kukwambia wimbi litaelekea upande gani, na mchezo huu unalipa upande tu. Bei ipande kwa dola moja au kwa dola elfu moja, malipo yako ni yale yale.

Sasa tuje kwenye makato, ambayo wauza majedwali hawayagusi kabisa. Mchezo ukikulipa faida ya shilingi 80 kwa kila dau la 100, lazima upatie asilimia 55.6 ya dau zako ili tu usile hasara. Kuna michezo yenye makato madogo zaidi. Ule wa PancakeSwap uliozinduliwa 2021 ulikuwa na raundi za dakika 5, na asilimia 3 ya chungu chote ilikatwa kabla ya washindi kugawana. Asilimia 3 si kitu, utasema. Haya, tuseme pande zote mbili zina pesa sawa, na wewe unakisia tu. Weka shilingi 100 kila raundi kwa saa kumi. Hizo ni raundi 120, umezungusha shilingi 12,000, na hasara ya kutarajia ni 360. Kipindi kingekuwa cha saa nzima, ungecheza raundi 10, na hasara ya kutarajia ingekuwa 30. Umeona? Kipindi kifupi hakikupi nafasi nyingi za kushinda. Kinakupitisha mara nyingi kwenye kizuizi kile kile cha ushuru.

Wengine walishaliona hili. Israel ilipitisha sheria ya kuifunga biashara ya dau za aina hii mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulizuia zisiuzwe kwa watu wa kawaida kuanzia Julai 2018, Uingereza ikafuata Aprili 2019, Australia Mei 2021. Sisi Kenya tulipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali Oktoba 2025, na ni jambo jema. Lakini leseni haigeuzi 55.6 kuwa 50.

Nikurudie wewe fundi mwenzangu. Mteja amekuletea faili la bei na anataka programu ya kuchagua saa. Kabla hujamkabidhi kazi, fanya majaribio mawili. Kwanza, gawanya data nusu kwa nusu kufuata tarehe. Chagua saa zako kwenye nusu ya kwanza, kisha uzipime kwenye nusu ya pili ambayo programu haijawahi kuiona. Pili, futa kupanda na kushuka kote, weka matokeo ya sarafu ya kurushwa, na uiendeshe programu ile ile. Ikikupa tena saa za dhahabu zinazong'aa vile vile, basi dhahabu hiyo umeitengeneza wewe mwenyewe kwa kibodi.

Majaribio hayo ni kazi ya jioni moja. Takwimu zake tulifundishwa chuoni, kwa hiyo usiniambie hukujua. Ukiyaruka kwa sababu mteja hakuyaomba na malipo ni mazuri, basi wewe si fundi tena. Wewe ni mpiga ramli mwenye kompyuta, na karo ya mtoto wa mtu imepitia mikononi mwako.

Haya, kazi kwenu.