NJIA YA MWENYE MIGUU IKO WAPI?



Sisi wa reli twajua jambo moja: kila chombo na njia yake. Treni ina reli, lori lina lami. Lakini sisi tutokao Mabanga kwenda kazini Bungoma kwa miguu na baiskeli tumeachiwa ukingo wa vumbi na mtaro, malori yakitupita mabegani.

Je, baiskeli ni aibu? Jina la boda boda lilizaliwa kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, huku huku kwetu.

Wako wasemao fedha hakuna. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi iliandika katika sera yake kwamba asilimia 20 ya fedha za barabara ziwe za waendao kwa miguu na baiskeli, na za usafiri wa umma. Kuandika si kutenda. Nasi twadai Bungoma iandike, kisha itende.

Wengine wawalaumu wachuuzi. Mchuuzi apewe kiwanja cha soko, asifukuzwe.

Katiba ya 2010 yatupa haki ya kusema juu ya fedha za umma. Mkutano wa bajeti ukiitwa, twende sote. Asiyekuwapo na lake halipo.