KORONA: USIILALIE SIFURI YA KIBITI



Ndugu zangu wa Dimani, na nyote wa Kibiti na delta, yapo maneno yanazunguka barazani na kwenye magrupu: "Kibiti hatujasikia mgonjwa wa korona hata mmoja, kwa hiyo haipo." Msemaji wa maneno haya, leo nakujibu.

Kutosikia ni jambo moja, kutokuwepo ni jambo jingine. Mei 2020 hesabu ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ukapita zaidi ya mwaka, namba ikabaki ile ile. Je, mwaka mzima hakuongezeka hata mgonjwa mmoja? Jibu unalo. Kilichosimama ni kalamu.

Juni 2021 Rais Samia akasema wagonjwa ni mia na kitu, na 70 kati yao wapo kwenye gesi. Usikimbilie kusema, "Nchi nzima mia tu!" Tazama vizuri. Wengi wanaopata ugonjwa huu hupona bila kuhitaji gesi. Ukiona katika kila kumi karibu saba wapo kwenye gesi, jua waliohesabiwa ni wale waliozidiwa wakafika kitandani. Aliyekohoa nyumbani wiki mbili, akajifukiza, akapona, hayumo. Aliyefia nyumbani bila kupimwa, naye hayumo.

Sasa rudi kwetu. Mgonjwa wa visiwani anasubiri maji yajae ndipo boti itoke. Akifika pasipo na kipimo, ataandikiwa kifua. Sifuri ya namna hiyo unailaliaje?

Wazee wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri wanalijua hili. Kuanzia 1998 ulikuwepo mradi wa kufuatilia afya na vifo hapa Rufiji. Wahoji walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki na aliumwa vipi. Hawakutosheka na daftari la zahanati, kwa sababu wengi walikuwa wanafia majumbani. Wilaya iliyofundisha watu kuhesabu vifo mlangoni, leo inadanganywa na ukimya?

Utaniambia, "Sheikh, tumtegemee Allah." Naam, tumtegemee, lakini Mtume (s.a.w.) alifundisha ngamia afungwe kwanza. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni. Akashauriana na Maswahaba, kisha akarudi na watu wake. Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah, akamjibu kwamba anatoka kwenye qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Nani kati yetu ana tawakkul kuliko Umar?

Na wewe unayetangaza kila msiba kuwa ni korona, hofu Allah. Hujapima, hujaambiwa na daktari, unasema kwa elimu gani? Qur'ani imetuamrisha kuhakikisha habari. Asiyejua asiseme mia, wala asiseme sifuri.

Udhaifu wetu mkubwa ni kuchoka. Mwaka 2020 kila mlango wa msikiti ulikuwa na ndoo na sabuni. Baadaye ndoo ikabaki, maji hayakuwemo. Ugonjwa hauchoki kwa kuwa sisi tumechoka.

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Ndoo zijazwe. Chukua udhu nyumbani, njoo na mswala wako, madirisha yafunguliwe. Mwenye homa na kikohozi asali nyumbani, ana udhuru. Matanga yafupishwe, wazee wasibanwe chumbani na umati. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021: ukiwa na shaka, muulize daktari, usiulize grupu. Na tusiache haya kwa sababu wiki mbili zimepita kimya.

Allah atuhifadhi, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, waliohesabiwa na wasiohesabiwa. Amin.

Mfikishie na jirani asiye na simu.