Uvira–Fizi: Pipa si tangi, na bidoni la mafuta si kiti cha mhami

Kila asubuhi kwenye parkingi za Uvira, pikapu za kwenda Mboko, Baraka na Fizi hupakiwa kwa namna ileile. Kwanza huingia magunia ya unga na chumvi. Halafu huingia mabidoni ya njano ya lita 20, mengine yana mazutu, mengine yana esansi, vifuniko vimezibwa kwa kipande cha plastiki. Juu yake hutandikwa bashi. Juu ya bashi hupandishwa watu: wachuuzi, wanafunzi, na zaidi ya wote wahami, wale wanaokimbia vita na wale wanaorudi kuangalia kama nyumba bado imesimama. Mama mwenye mtoto mgongoni akiuliza harufu hiyo inatoka wapi, huambiwa akae tu, safari si ndefu.

Kutoka Uvira hadi Baraka ni karibu kilometa 90 za barabara ya kitaifa namba 5, mlima upande mmoja na ziwa Tanganyika upande mwingine. Kuna mashimo na mawe, na mvua ikinyesha kuna mito. Saa zote hizo mama amekalia moto ambao haujawashwa bado.

Wenye magari wana jibu moja. Wanasema huko mbele mafuta hayapatikani, au yanapatikana kwa makadafi wanaouza kwa chupa, bei ikipanda kila barabara inapofungwa. Kwa hiyo, wanasema, lazima gari libebe mafuta yake ya kurudi. Jibu hilo linaonekana lina akili. Lakini lipigiwe hesabu.

Pikapu aina ya Hilux ya miaka hii ina tangi la lita 80 kutoka kiwandani. Tuseme barabara ni mbaya sana na gari ni lafi, linakula lita 20 kwa kila kilometa 100. Kwenda Fizi na kurudi Uvira hakufiki kilometa 300. Hata zikihesabiwa zote 300, ni lita 60. Gari lililojaza tangi lake Uvira linakwenda, linarudi, na bado linabaki na mafuta. Kwa safari hiyo mabidoni kumi yaliyo chini ya abiria si ya gari. Ni bidhaa. Mwenye gari anafanya biashara mbili kwa safari moja, na ile ya pili inalindwa kwa miili ya watu waliolipa nauli.

Hapo ndipo ubishi unapaswa kuanzia. Anayebeba watu asibebe mafuta ya kuuza. Anayebeba mafuta ya kuuza asibebe watu. Na yule ambaye kweli safari yake inapita uwezo wa tangi lake, anunue tangi la pili, alifunge vizuri chini ya gari, mahali pa tangi.

Wakaaji wa bonde la Ruzizi hawahitaji kufundishwa mafuta yanafanya nini. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara hiyohiyo namba 5, upande wa kwenda Bukavu. Watu walikimbilia kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, hawakugusa hata tone moja. Moto uliwachukua wote bila kuuliza nani alichota na nani hakuchota. Zaidi ya watu 230 walikufa. Pikapu si lori, ni kweli. Lakini mtoto aliyekaa juu ya lita 200 hahitaji lori zima ili aungue.

Kuna madereva wanaosema mazutu hayawaki kirahisi. Nusu ya neno hilo ni kweli. Mazutu huanza kutoa mvuke wa kushika moto yakifikia joto la nyuzi 55 hivi, lakini esansi hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya kugandisha maji. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: hauendi juu angani, unashuka na kulala chini, ndani ya karoseri, palepale walipokaa watoto. Sigara moja, makala ya kuchomea mahindi, au cheche ya waya wa batri inatosha. Na hayo mazutu yanayosifiwa, yakidondoka juu ya bomba la moshi lililochemka, yanawaka pia. Tena konvoyeri akijaza bidoni la plastiki likiwa juu ya gari, umeme mdogo wa msuguano unajikusanya na kukosa njia ya kushuka. Ndiyo sababu bidoni hujazwa likiwa limewekwa chini, juu ya udongo. Ni wangapi wanafanya hivyo?

Sasa kuhusu tangi lenyewe, maana hapo pia kuna ujanja unaoua.

Magari mengi ya Land Cruiser yanayotumiwa na mashirika ya misaada yana matangi mawili ya lita 90 kila moja, yaliyotoka kiwandani. Mtu akiona hivyo anasema: hata mimi nitaweka la pili. Halafu anakwenda garaji, ananunua pipa kuukuu la lita 200, linakatwa, linachomelewa, linafungwa kwa kamba nyuma ya kabina. Hilo halistahili jina la tangi. Kwanza, pipa lililowahi kuwa na mafuta halichomelewi ovyo: hata likiwa tupu, mvuke uliobaki ndani hulipuka, na fundi ndiye wa kwanza kufa. Pili, pipa halina kuta za ndani. Tangi la kweli limegawanywa ndani kwa vibati vyenye matundu, ili mafuta yasikimbie upande mmoja gari likikata kona. Lita 100 za mazutu zina uzito wa kilo 84 hivi. Kilo hizo zikihama zote kwa pamoja kwenye mteremko, gari hupinduka, na dereva atasema breki zimekatika.

Tatu, bati lenyewe. Mafundi wengi hupenda bati lililopakwa zinki kwa kuwa haliliwi haraka na kutu. Kwa maji ni sawa. Kwa mazutu ni kosa: zinki huchanganyika na mazutu na kutoa uchafu unaoziba filta na kuharibu pompi ya sindano. Tangi la chuma cha kawaida lililochomelewa vizuri, la aluminiamu, au la plastiki nzito iliyotengenezwa kwa kazi ya mafuta, ndilo la kuchagua.

Mahali pa kulifunga ni swali la pili. Tangi lililo chini ya karoseri, kando ya shasi na mbele ya ekseli ya nyuma, hugawa uzito na kuacha nafasi ya mizigo juu. Linafungwa kwa mikanda ya chuma na bolti kwenye shasi yenyewe, si kwenye bati la karoseri, na kati ya mkanda na tangi huwekwa mpira ili chuma kisisugue chuma mpaka kitoboke. Likae mbali na bomba la moshi. Chini yake liwekwe bamba la kulinda mawe, maana barabara ya Fizi ni ya mawe. Na lisining'inie chini kuliko ekseli, la sivyo jiwe la kwanza litalipasua.

Halafu njia ya mafuta. Mpira wa maji ya bustani hautumiki hata kwa siku moja, mazutu huulainisha na kuupasua. Utumike mpira wa mafuta, wenye klipu kila upande, na robine ya kufunga. Pompi ndogo ya umeme ya kuhamisha mafuta kwenda tangi kubwa iwe na fyuzi yake karibu na batri, na filta mbele yake. Tangi liwe na mrija wa kupumulia wenye valvu inayojifunga gari likilala ubavu. Liwe na kizibo cha chini cha kutolea maji na matope, kwa sababu mafuta ya chupa barabarani mara nyingi yana vyote viwili. Kabla ya kulifunga lijaribiwe kwa presha kidogo ya hewa na maji ya sabuni: povu likitokea, lirudi kwa fundi. Na lisijazwe mpaka shingoni. Mafuta huvimba kwenye jua, yaachiwe nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari husahau kwa makusudi. Tangi haliongezi nguvu za gari. Ikiwa pikapu imetengenezwa kubeba tani moja, lita 100 za mafuta na chuma cha tangi vinatolewa kwenye hiyo tani, havijumlishwi juu yake. Anayefunga tangi na kuendelea kupakia watu ishirini na mbili hajatengeneza usalama wowote.

Na yote haya ni kwa mazutu. Kwa esansi, fundi wa kijijini asijaribu. Gari la esansi litembee na tangi lake la kiwandani tu.

Wapinzani wana hoja tatu, na haifai kuzikwepa.

Ya kwanza ni pesa. Tangi zuri ni ghali, kweli. Lakini mwenye gari hulipa kila siku bila kulalamika: kwenye bariere, kwa makadafi, kwa filta zilizoziba. Analipa mahali pote isipokuwa pale ambapo uhai wa abiria unahitaji alipe. Na kwa hesabu ya hapo juu, wengi wa njia ya Fizi hawahitaji hata hilo tangi. Wanahitaji tu kuacha kuuza mafuta juu ya gari la watu, na hilo halina bei.

Ya pili ni usalama. Wanasema tangi kubwa litavutia wenye silaha. Lakini mabidoni ya njano yanaonekana kutoka mlima wa pili. Tangi lililo chini ya gari, lenye kifuniko cha ufunguo, halionekani hivyo. Anayeogopa kunyang'anywa mafuta angeanza kwa kuacha kuyaonyesha.

Ya tatu ndiyo inayouma. Wanasema: mhami hana pesa, ukimkataza kupanda juu ya mabidoni atatembea kwa miguu. Ni kweli kwamba kutembea porini na watoto ni hatari nyingine. Lakini hakuna aliyesema apande miguu yake. Mabidoni kumi ya mazutu yana uzito wa karibu watu wazima watatu. Yakishushwa, watu watatu zaidi wanapanda. Kilichomkosesha mhami nafasi ni bidhaa, si sheria. Kumwambia mtu aliyepoteza nyumba, shamba na mbuzi wake kwamba hana la kuchagua, halafu kumketisha juu ya esansi na kumtoza nauli, ni kumkimbiza mara ya pili.

Viongozi nao wasijifiche. Kwenye njia hii gari husimamishwa mara nyingi. Dereva huombwa karatasi, abiria huombwa kitambulisho, na mkono hunyooshwa. Mkono huohuo ungeweza kuinua bashi. Haihitaji kifaa, haihitaji mradi wa wafadhili: inahitaji pua. Chama cha madereva kwenye parkingi kinaweza kuanza hata kesho kwa kanuni moja, kwamba gari lenye mabidoni halipewi zamu ya abiria. Na magari ya vituo vya afya, yale yanayopita Fizi kwenda upande wa Lulimba na Misisi na kulazimika kukaa siku nyingi bila stasioni ya mafuta, ndiyo yangefaa kufungiwa tangi la pili kwanza. Mama mwenye uchungu wa uzazi usiku anahitaji gari linaloweza kuondoka bila kutafuta kadafi wa kuamsha.

Kwa familia zinazosafiri wiki hizi, mambo machache yanawezekana hata bila kusubiri viongozi. Kabla ya kulipa nauli, bashi iinuliwe na ionekane nini kiko chini. Kama harufu ya esansi ni kali, gari hilo liachwe, hata kama linaondoka kwanza. Anayelazimika kupanda asikae juu ya bidoni, watoto wakae mbali nayo na upande ambao ni rahisi kushuka, na asiruhusiwe mtu kuwasha sigara wala kubeba makala yenye moto. Watu kumi wakikataa pamoja, konvoyeri atashusha mabidoni. Mmoja akikataa peke yake, atachekwa na kuachwa.

Tukumbushe kwamba Sange iko kaskazini ya Uvira, na makaburi ya pamoja ya mwaka 2010 yako hapo. Madereva wa njia ya Bukavu huyapita. Wale wa njia ya Fizi wangefaa kwenda kuyaona mara moja, kabla ya kupakia bidoni jingine.