MGANGA WA JELA ASIWE NA MABWANA WAWILI

Kazi za tiba zinajulikana na wananchi wote. Mwuguzi wa zahanati, mkunga wa wodi ya wazazi na daktari wa hospitali ya wilaya ni watu tunaoonana nao kila siku. Lakini wako wafanyakazi wa afya wasioonekana, kwa kuwa kazi yao hufanyika nyuma ya kuta ndefu na malango yenye kufuli. Hao ni waganga na wauguzi wa jela. Twapenda leo kusema habari zao, maana katika kazi yao liko jambo moja ambalo lisipowekwa sawa, ujuzi wa mganga waweza kugeuzwa chombo cha dhuluma. Jambo lenyewe ni hili: mganga wa jela anamtumikia nani?

Katika hospitali ya kawaida swali hili halina taabu. Mgonjwa huja kwa hiari yake, na akiona hakutendewa vyema aweza kwenda kwingine. Mfungwa hana uchaguzi huo. Hawezi kununua dawa dukani, hawezi kumwita ndugu yake ampeleke hospitali usiku, wala hawezi kujifungulia mlango. Ili amwone mganga, hana budi kumwomba askari. Naye mganga, ili amfikie mgonjwa, hana budi kufunguliwa mlango na askari yule yule. Tena mahali pengi mshahara wake, cheo chake na uhamisho wake vimo mikononi mwa wakuu wa jela. Hapo ndipo hupatikana mabwana wawili: mgonjwa amtegemeaye, na mkuu amwamuruye. Na wahenga walikwisha kusema ya kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Twachukua mfano wa Afrika ya Kusini, kwa sababu mambo ya huko yalichunguzwa na mahakama na mabaraza, na hakuna awezaye kuyakana. Mwezi wa Agosti 1977 polisi wa serikali ya makaburu walimkamata Ndugu Steve Biko, wakamweka kizuizini katika mji wa Port Elizabeth. Alipigwa hata akaumia ubongo. Madaktari wawili wa serikali, Ivor Lang na Benjamin Tucker, waliitwa kumtazama. Lang aliandika cheti kwamba hakuona ugonjwa wala kasoro yoyote. Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa, yalionekana yana damu. Tucker alitaka mgonjwa apelekwe hospitali, lakini mkuu wa polisi alikataa, na daktari akanyamaza. Biko alilazwa uchi ndani ya gari la polisi, akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka jela ya Pretoria, bila karatasi zozote za matibabu. Alikufa tarehe 12 Septemba 1977.

Madaktari wale hawakumpiga Biko. Kosa lao lilikuwa jingine: walimwachia polisi aamue mambo ya tiba. Neno la mtu asiyejua udaktari lilishinda neno la daktari, na mtu akafa. Baraza la madaktari la nchi hiyo hapo kwanza lilikataa kuwashtaki. Ilibidi madaktari wenzao waende mahakamani kulilazimisha, na mwaka 1985 ndipo wote wawili walipoonekana wana hatia ya utovu wa maadili ya kazi. Tucker alifutwa katika orodha ya madaktari. Lang alipewa onyo tu, akaendelea na kazi yake.

Mwaka ule ule wa 1985, katika mji ule ule wa Port Elizabeth, alikuwako daktari kijana wa kike jina lake Wendy Orr, aliyefanya kazi chini ya huyo huyo Lang. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, na jela zilijaa mahabusu. Kazi ya Dakta Orr ilikuwa kuwapima. Aliona alama za mijeledi, masikio yaliyopasuka na miili iliyovimba, naye akaandika katika daftari yote aliyoyaona. Wakuu wake walipokosa kuchukua hatua, alipeleka habari zile Mahakama Kuu pamoja na jamaa za wafungwa, na mwezi wa Septemba mahakama ikawakataza polisi kuwapiga mahabusu. Malipo yake ni kwamba aliondolewa katika kazi ya magereza. Miaka kumi baadaye, mwaka 1995, taifa lilimchagua kuwa mmoja wa makamishna wa Tume ya Ukweli na Maridhiano.

Madaktari hawa watatu walikuwa na mwajiri mmoja na mji mmoja. Wawili walimtii mkuu, mmoja alimtii mgonjwa. Twamsifu Dakta Orr kwa moyo wote. Lakini twauliza: je, ni haki usalama wa wafungwa uwe juu ya ushujaa wa binti mmoja? Mashujaa hawazaliwi kila siku. Utaratibu mwema wa kazi ni ule unaomwezesha hata mtu wa kawaida, mwenye watoto na mwenye hofu, kutenda yaliyo sawa bila kupoteza mkate wake.

Wala asije mtu akasema kwamba mambo haya yalikwisha pamoja na ubaguzi wa rangi. Iko jela karibu na mji wa Cape Town iitwayo Pollsmoor. Humo ndimo Mzee Nelson Mandela alipougua kifua kikuu mwaka 1988. Makaburu walipoondoka, msongamano na kifua kikuu vilibaki. Raia mmoja, Dudley Lee, aliwekwa rumande humo toka 1999 hata 2004, akapata kifua kikuu, kisha mahakama ikamwachilia huru bila hatia. Alishtaki serikali, na mwezi wa Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ikaamua ya kwamba wenye jela walikosa kutimiza wajibu wao wa kumkinga. Kabla ya hapo, daktari mmoja wa jela hiyo hiyo alikuwa amepeleka malalamiko juu ya hali ya matibabu kwa Jaji Mkaguzi wa Magereza na kwa kamati ya Bunge. Akahamishwa. Mwaka 2008 ilibidi Mahakama ya Kazi iingilie kumpa haki yake. Bendera ilibadilika, serikali ilibadilika, lakini daktari aliyesema kweli aliondolewa kama alivyoondolewa yule wa 1985.

Dunia imekwisha kutoa shauri juu ya jambo hili. Tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni mpya za kuwatendea wafungwa, zikapewa jina la Mandela. Kanuni hizo zasema ya kwamba matibabu ya wafungwa ni wajibu wa dola. Ya kwamba yawe sawa na yale wapatayo raia walio nje, tena bila malipo. Ya kwamba uamuzi wa tiba ni wa mganga peke yake, na ofisa wa jela asiye mganga hana ruhusa ya kuutangua. Ya kwamba mganga asishiriki hata kidogo katika kutoa adhabu. Na ya kwamba akiona dalili za mateso aziandike na kuzipeleka kwa wenye mamlaka. Ni maneno mazuri. Lakini karatasi haimlindi mwuguzi saa nane za usiku, akiwa peke yake mbele ya mkuu wa zamu.

Ndiyo maana nchi kadha zimebadili utaratibu wenyewe. Norway ilifanya hivyo mwaka 1988, kwa kukabidhi tiba ya jela kwa serikali za mitaa. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1994 kuitia tiba hiyo katika kazi ya hospitali za umma. Uingereza ilimaliza kuikabidhi kwa idara ya afya ya taifa mwaka 2006. Hatusemi ya kwamba jela za nchi hizo hazina kasoro. Twasema kwamba mganga anayelipwa na kupandishwa cheo na wizara ya afya ana mgongo wa kuegemea anapomwambia mkuu wa jela, “Huyu ni lazima aende hospitali.”

Twajua wako watakaopinga. Watasema: raia wema bado wanapanga foleni ya dawa, vipi tuwashughulikie wahalifu? Kwa hawa twajibu ya kwamba hukumu ya mahakama ni kumnyima mtu uhuru wake, na hakuna hakimu aliyepata kumhukumu mtu kupata kifua kikuu. Tena wengi walio jela ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa, kama alivyokuwa Lee. Na ugonjwa haujui kufuli. Askari huvuta hewa ile ile ya seli, na jioni hurudi kwa mkewe na wanawe. Mfungwa naye humaliza kifungo chake, akapanda basi pamoja nasi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wengine watasema kwamba usalama wa jela utaharibika. Hatukubali. Kufunga mlango na kuulinda ni kazi ya askari, nasi twaiheshimu. Lakini mgonjwa aliyetibiwa kwa haki hana sababu ya fujo, na askari mwenye akili anajua ya kwamba mwuguzi anayeaminiwa na wafungwa ni kinga yake yeye pia.

Kwa hiyo twatoa rai kwa kila serikali yenye jela na kwa kila chama cha wafanyakazi wa afya. Kwanza, waganga na wauguzi wa jela wawe chini ya wizara ya afya kwa ajira, vyeo na uhamisho. Pili, idadi yao itoshe, wapewe vifaa na dawa, na wakingwe na kifua kikuu wao wenyewe. Tatu, sheria imlinde yeyote atoaye habari za mateso au uzembe, na atakayemhamisha kwa ajili ya kusema kweli aadhibiwe. Nne, vyama vya wafanyakazi visiwasahau wanachama hawa kwa kuwa tu hawaonekani barabarani.

Ndugu zetu hawa hawaombi sifa. Waombalo ni kuachiwa wafanye kazi waliyoiapia. Dola ikitaka kujua heshima yake ikoje, isitazame hospitali yake kubwa ya mji mkuu, iingie katika chumba cha tiba cha jela, imwulize mwuguzi: “Ukisema mtu huyu apelekwe hospitali usiku huu, je, atapelekwa?” Jibu likiwa hapana, kazi bado haijaanza.