Breki dhaifu baada ya matengenezo ya nyumbani

Wazazi kadhaa wametuuliza jambo moja kwa maneno yanayokaribiana: pedi za breki nimebadilisha mwenyewe, ni mpya kabisa, mbona gari linasimama kwa shida kuliko lilipokuwa na pedi zilizokwisha? Hatumlaumu anayeuliza. Magari mengi ya familia hapa Singida yamenunuliwa yakiwa yametumika, fedha ya fundi haipatikani kila mwezi, na kubadilisha pedi za mbele ni kazi ya asubuhi moja kwa mwenye jeki, spana na utulivu. Ugumu haupo katika kufunga pedi. Upo katika kutambua kama kazi imekwisha.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa safari nyingi za harusi, misiba na kuwapeleka watoto kwa babu na bibi hupita Sekenke, wilayani Iramba, pale barabara ya kwenda Nzega inapoacha nyanda za juu na kuteremka kuelekea bonde la Wembere. Breki inayotosha kuzunguka sokoni haitoshi mteremkoni. Anayeshuka kwa kilomita 80 kwa saa amebeba nguvu ya mwendo inayokaribia mara mbili ya yule anayeshuka kwa 60, na nguvu yote hiyo breki hulazimika kuigeuza kuwa joto. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni nje ya jiji la Arusha, lori lililoripotiwa kufeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Hatusemi kwamba chanzo cha ajali ile kinafanana na haya tunayoyaeleza. Twasema tu kwamba breki ikishindwa, anayeumia si dereva peke yake.

Basi tuanze na mguu, kwa sababu pedali ya breki husema mengi kwa anayeisikiliza. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, washa injini na ukanyage.

Ikiwa pedali inazama karibu na sakafu mara ya kwanza tu, kisha ikapanda na kukaa imara, huenda hakuna ubaya wowote. Ili pedi mpya ziingie, pistoni ya kalipa husukumwa nyuma, na hairudi mahali pake mpaka pedali ikanyagwe mara kadhaa. Hatari ni kwa anayeshusha jeki, akawasha gari na kuondoka kabla ya kukanyaga hata mara moja. Huyo atagundua kwamba hana breki akiwa tayari yuko langoni, na mara nyingi langoni ndipo watoto wanapochezea.

Ikiwa kila ukitulia pedali inarudi kuwa laini, na ukikanyaga harakaharaka inapanda, kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni upepo ndani ya mfumo. Mafuta ya breki hayabonyei, upepo hubonyea, kwa hiyo mguu hufanya kazi ya kubana upepo badala ya kubana diski. Hata hivyo, kubadilisha pedi peke yake hakuingizi upepo. Jiulize: je, nilifungua mpira wowote? Je, chombo cha mafuta kilikauka? Je, nilifungua kalipa zote mbili nikazirudisha kwa kubadilishana pande? Hili la mwisho huwapata wengi. Kalipa ikifungwa upande usio wake, skrubu ya kutolea upepo hukaa chini ilhali upepo umekusanyika juu, na utautoa upepo huo mchana kutwa bila kuumaliza.

La pili ni viatu vya breki za nyuma kukaa mbali na dramu. Hapa kuna jaribio jepesi ambalo mafundi wetu hulitumia: vuta breki ya mkono hatua chache, kisha kanyaga pedali. Ikiwa sasa inapatikana juu zaidi, basi kasoro iko nyuma, nayo ni ya kurekebisha viatu, si ya kutoa upepo. Jaribio hili hufaa kwa gari ambalo breki yake ya mkono huvuta viatu hivyohivyo vya dramu, na magari mengi madogo ya familia yako hivyo.

Kuna pedali ya namna nyingine, nasi tunaiogopa zaidi. Unaikanyaga, inakuwa imara, unaishikilia, na taratibu inateremka chini ya mguu. Kama hakuna mafuta yanayovuja kwenye magurudumu wala kwenye mipira, basi raba za ndani ya masta silinda zinapitisha mafuta. Mara nyingi hutokea katika gari kuukuu wakati wa kutoa upepo, pale msaidizi anapokanyaga pedali mpaka sakafuni, na raba zikapita sehemu ya silinda iliyoshika kutu ambayo hazikuwahi kuifikia kwa miaka. Ndiyo maana fundi mzoefu huweka kipande cha ubao chini ya pedali. Masta silinda ikifika hapo, weka spana chini umwite fundi.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe lakini gari halisimami, habari ni tofauti kabisa. Zima injini, kanyaga mara nne au tano, shikilia, kisha washa. Busta ikiwa nzima, pedali itashuka kidogo injini inapowaka. Isiposhuka, tazama mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta, huenda ulichomoka wakati wa kazi. Na kwa kuwa tumeitaja busta, wale wanaozima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta wajue kwamba baada ya kukanyaga mara chache hubaki na nguvu ya mguu wao tu.

Busta ikiwa salama, rudi kwenye pedi zenyewe. Diski mpya hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, nayo sharti yasafishwe. Mikono yenye grisi huharibu pedi. Pini ambazo kalipa hutelezea zikikwama, pedi moja hubana na mwenzake hutazama. Na hata zikiwa safi, pedi mpya huhitaji kuzoeana na diski: barabara tupu, mwendo wa wastani, upunguze mwendo takriban mara kumi bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe katikati.

Kuhusu mafuta ya breki, tunasisitiza. Hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Yakichemka mteremkoni hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa stoo haifai, hata kama imejaa nusu. Mafuta ya injini yasikaribie chombo hicho kabisa, maana huvimbisha raba zote za mfumo.

Tunalo neno kwa walio kiti cha abiria. Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona kwamba baba siku hizi anakanyaga mara mbili au tatu kabla ya kila tuta. Hunyamaza kwa kuchunga heshima ya mumewe, kwa kuwa gari alilitengeneza mwenyewe na majirani walimwona. Naye mume, akijua kabisa kwamba mambo hayajakaa sawa, huona haya kulipeleka kwa fundi aliyetaka kumkwepa. Adabu ya namna hiyo hatuioni kuwa adabu. Mke aulize waziwazi, hata barazani, na watoto washuke mpaka jibu lipatikane. Waliomo garini ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Fundi akiitwa, aelezwe yote: kilichofunguliwa, kilichoongezwa, na pedali ilivyokuwa kabla na baada. Kisha jaribio la kwanza lifanyike uwanjani, dereva akiwa peke yake, kwa mwendo wa mtu anayetembea, mkono ukiwa karibu na breki ya mkono. Safari ya Sekenke isubiri siku kadhaa za kuzunguka mjini, na asubuhi ya kuondoka kifuniko cha chombo cha mafuta kitazamwe tena. Yakiwa yamepungua tangu jana, msiondoke.