Binti Mjamzito na Meza ya Bwana

Binti yetu alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Tunaliandika hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani tunazungumzia watoto wa watu wengine. Sisi ni mchungaji na mke wake, katika usharika mmoja huku juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Binti mwenyewe ameisoma makala hii kabla haijapelekwa kwa mhariri. Alifuta mistari miwili na kuiruhusu iliyobaki.

Siku aliyotuambia, hatukufanya kama Wakristo. Swali letu la kwanza lilikuwa: "Watu watasema nini?" Kufikia usiku tulikuwa tumeshapanga aende kwa shangazi yake mbali, akajifungulie huko, na washarika tuwaambie amehamishwa shule. Huo ni uongo, na tuliupanga tukiwa tumetoka tu kwenye sala ya jioni.

Lakini kijijini habari hazifichiki. Kabla ya Jumapili ya pili, wazee wa kanisa wawili walifika nyumbani, wakanywa chai, wakasema kwa upole: "Baba Mchungaji, hili ni la familia yako. Halina haja ya kufika barazani." Walisema kwa upendo, ila maneno yao yalituchoma. Mwaka uliotangulia shauri kama hilo lilimhusu binti wa mama mjane, nalo lilifika barazani. Jina la binti yule lilisomwa kanisani, kati ya tangazo la harusi na tangazo la mnada wa mazao, kwamba ametengwa na Meza ya Bwana. Lilisomwa na mchungaji anayeandika maneno haya. Kijana aliyempa mimba alikuwa amekaa kwenye safu ya kwaya, na Jumapili iliyofuata aliimba kama kawaida.

Nidhamu inayomkamata binti wa mjane na kumwacha binti wa mchungaji, inayomwona mwenye tumbo na kutomwona mwenye suruali, si nidhamu ya Kristo. Ni aibu yetu wenyewe, tumeivisha kanzu. Tunasema inapaswa kukomeshwa katika sharika zetu.

Fungueni Mwanzo 38. Yuda aliposikia kwamba mkwewe Tamari ana mimba, hakuuliza swali hata moja. Aliamuru atolewe nje achomwe moto. Tamari akampelekea muhuri, kamba na fimbo, akasema mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba. Vilikuwa vya Yuda. Hapo mzee yule akakiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye. Mathayo anapoandika ukoo wa Bwana wetu, anamtaja Tamari kwa jina. Mabaraza yetu yamesikia kesi nyingi za Tamari bila kuuliza fimbo ni ya nani.

Sheria ya nchi imetutangulia katika hili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inamhesabu aliyelala na msichana wa chini ya miaka 18, asiye mke wake, kuwa amebaka, hata kama msichana alikubali. Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na inakataza kumwoza mwanafunzi. Basi wale wanaotushauri "mwozeni haraka, aibu iishe" wanatushauri kosa la jinai. Na sisi tuliomtenga msichana wa miaka 15 tulimhukumu mtu ambaye serikali inamwita mhanga.

Tunajua hoja inayokuja. Wazee waaminifu wametuambia: "Mkiwapokea hivi, wengine wataiga. Kanisa litaonekana linabariki uzinzi." Hoja hii tuiheshimu, kwa kuwa inatoka kwa watu wanaoipenda amri ya Mungu. Amri ya sita haijafutwa, nasi tunaifundisha kila mwaka kwa watoto wa kipaimara. Ila tuulizane: aibu imezuia nini? Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshapata mimba. Wasichana hao wamelelewa katika nchi ambayo aibu haijawahi kupungua. Woga wa kutengwa haumzuii binti kupata mimba. Unamzuia kusema. Anafunga kanga tumboni, anachelewa kliniki, au anaingia kwenye mikono ya mtu wa vichochoroni. Mwili wa msichana mdogo una hatari zaidi ya kifafa cha mimba, na mwezi mmoja wa kuficha unaweza kugharimu maisha mawili.

Tena sisi ni Walutheri. Ungamo la Augsburg la 1530, katika kifungu cha 12, linafundisha kwamba walioanguka baada ya ubatizo wanaweza kusamehewa wakati wowote wanapotubu, na kwamba kanisa halipaswi kuwanyima ondoleo. Halitaji kusubiri hadi mtoto azaliwe. Binti aliyelia jikoni kwa mama yake ameshatubu kuliko wengi wetu tunaokariri ungamo la dhambi huku tukitazama saa. Sheria imeshafanya kazi yake moyoni mwake. Anachokidai kwetu sasa ni Injili.

Tarehe 22 Juni 2017, Rais John Magufuli alitangaza akiwa Chalinze kwamba mwanafunzi anayepata mimba hatarudi shule. Wengi wetu kanisani tulipiga makofi. Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana hao waruhusiwe kurudi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukatolewa. Binti yetu amekaa tena darasani kwa sababu ya waraka huo. Tunaona haya kusema kwamba wizara ilifungua mlango wakati madhabahu bado imefunga wake.

Kwenu wazazi ambao jambo hili litawafikia, tunawaambia tuliyojifunza kwa kukosea. Msimfukuze, wala msimfiche. Mpelekeni kliniki wiki hiyo hiyo. Nendeni wote wawili kwa mkuu wa shule mapema, mkaulize utaratibu wa kurudi. Aliyempa mimba akija na wazee wake na mbege ili mambo yaishie nyumbani, pokeeni salamu, kisha nendeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Baba, usimwachie mama peke yake. Binti yetu anasema maneno yetu mengi ameyasahau, ila anaikumbuka siku baba yake alipomenya ndizi za mtori kwa mikono yake. Kwetu Uchagani mzazi hutunzwa na kulishwa kwa miezi. Hakuna mila inayosema mtori ni wa walioolewa tu.

Baada ya wale wazee kuondoka, tulikata jani la isale kihambani tukaenda kwa mama mjane. Mchagga anajua uzito wa jani hilo, kwamba anayelileta anaomba msamaha. Mama alilipokea, akakaa nalo mapajani muda mrefu. Binti yake hakuwepo, alikuwa ameshakwenda Moshi mjini kufanya kazi za ndani. Kisha akasema: "Isale nimelipokea, Baba Mchungaji. Lakini jina la mwanangu ulilisoma kanisani. Basi ulisome tena kanisani."

Jumapili iliyofuata lilisomwa, wakati wa matangazo, pale pale. Tulisema kwamba tulimkosea, tukaomba msamaha mbele ya usharika, na tukataja kwamba nyumba yetu pia ina mimba. Watu wawili walitoka nje. Mama mjane alibaki. Binti yake alirudi kushiriki Meza ya Bwana miezi mitatu baadaye, akiwa na mtoto mgongoni, lakini shuleni hajarudi mpaka leo, na hilo liko juu yetu.

Kila Siku ya Mikaeli na Watoto tunawasimamisha watoto mbele wakariri mistari, na sote tunapiga makofi bila kuuliza nani alizaliwa ndani ya ndoa. Tunawaomba wazee wa kila usharika, katika kikao kijacho cha baraza, walete mezani orodha ya mabinti waliotengwa. Wasome majina yale taratibu, na kwa kila jina waulize yuko wapi, anaishije, na nani ataenda kumchukua.